Gia hazitaki kushuka pikipiki ikisimama: kabla hujalipa injini ipasuliwe

*"Habari fundi. Nina pikipiki ya 150 cc nilinunua mkono wa pili, napiga boda kutoka Umoja hadi Muthurwa. Shida ni gia. Nikiwa naenda zinaingia sawa tu, lakini nikisimama ghafla kwa raundi ya barabara nikiwa gia ya tatu ama ya nne hazitaki kushuka kabisa, nakanyaga na kukanyaga, nikijaribu kutoka hivyo hivyo injini inazima na mathree iko nyuma inapiga honi. Fri, yaani nyutro, nayo ndio ngumu zaidi, hasa jioni injini ikiwa moto, lakini nikizima injini inaingia bila shida. Asubuhi nikiweka ya kwanza inagonga sana na pikipiki inaruka mbele kidogo. Leva ya klachi naivuta hadi karibu iguse mkono. Fundi wa mtaani amesema gearbox imeisha, anataka elfu kumi na nne apasue injini. Nimlipe?"*

Usimlipe bado ndugu yangu. Sisemi huyo fundi ni mwongo, inawezekana amesikia tu "gia hazishuki" akafikiria mbali, lakini kwa vile umeeleza mwenyewe sioni dalili hata moja ya gearbox kuisha, na kupasua injini ambayo haina shida ni njia ya kuileta shida. Injini ikishafunguliwa na kufungwa kando ya barabara, vumbi inaingia, gasketi inawekwa ya kubahatisha, na baada ya wiki mbili unaanza kuvuja oili mahali hapakuwa panavuja.

Hofu yako naielewa vizuri na si ya kuchekelea. Kukwama katikati ya raundi ya City Stadium ukiwa gia ya nne na kastama nyuma yako na mathree imekukaribia ni hatari ya kweli. Lakini kwa swali lako kuna vitu viwili tofauti ambavyo umevifunga pamoja. Cha kwanza ni gia kukataa kushuka ukiwa umesimama tuli, na hicho si ugonjwa, ndivyo gearbox ya pikipiki ilivyotengenezwa. Cha pili ni fri kukataa injini ikiwa moto na pikipiki kuruka ukiweka ya kwanza, na hapo klachi yako ndiyo inaomba msaada. Acha tuanze na hicho cha kwanza kwa sababu watu wengi wameharibu gia zao kwa kutokielewa.

Ndani ya gearbox kuna shafti mbili. Moja inazungushwa na injini kupitia klachi, tuiite shafti ya klachi. Ya pili ndiyo inatoka nje hadi kwa sproketi ndogo na kuvuta cheni, tuiite shafti ya cheni. Sasa, watu wengi hudhani ukibadilisha gia yale meno ya gia yanaachana na kukutana upya. Hapana. Kwa pikipiki, meno ya kila jozi ya gia yameshikana muda wote, hayaachani hata siku moja. Ila kwa kila jozi kuna gia moja ambayo inazunguka bure juu ya shafti yake bila kuivuta, na kinachoifunga ifanye kazi ni vinundu vinene vya chuma vilivyo ubavuni mwa gia jirani. Ukikanyaga gia, kuna dramu inazunguka hatua moja, hiyo dramu inasukuma foki, foki inateleza gia pembeni, na vinundu vinaingia kwenye mashimo ya gia ya pili. Vikiingia, gia imeshika.

Jaribu hivi saa hii ukiwa umekaa hapo. Tanua vidole vya mikono yako miwili uviangalishane, halafu usukume mkono mmoja uelekee mwingine. Vidole vikikutana na nafasi vinaingia mara moja. Vikikutana ncha kwa ncha vinagoma, na hata ukisukuma kwa nguvu zako zote haviingii, unaumia tu. Lakini ukizungusha mkono mmoja kidogo sana, kiasi cha nusu kidole, vinateleza vyenyewe. Hiyo ndiyo habari yote ya gia zako pale raundi.

Pikipiki ikiwa inaenda, shafti zote mbili zinazunguka na mwendo wao haulingani kabisa, kwa hivyo hata vinundu vikikutana uso kwa uso ni kwa muda mfupi sana, vinapita, vinapata shimo, vinaingia, na wewe hata hujui kulikuwa na shida. Ukisimama tuli na umevuta klachi mambo yanabadilika. Tairi ya nyuma imesimama kwa hivyo shafti ya cheni imesimama, na kwa sababu bado uko kwa gia ya nne hata shafti ya klachi imefungwa pamoja nayo, haiendi popote. Hakuna kinachozunguka. Ukikanyaga kutafuta ya tatu, vinundu vikibahatika kuangaliana na mashimo itaingia, visipobahatika itagoma. Na kumbuka gia za pikipiki zinafuatana, huwezi kutoka ya nne ukaruka hadi ya kwanza kama gari, lazima upitie ya tatu na ya pili, kwa hivyo hiyo bahati unaitafuta mara tatu mfululizo ukiwa umesimama na watu wanakupigia honi. Ndio maana inaonekana kama imekataa kabisa.

Hii iko kwa pikipiki mpya ya dukani na iko kwa pikipiki ya mamilioni. Pia ndio sababu mtu akienda kununua pikipiki ya mkono wa pili, anaipanda ikiwa imezimwa, anakanyaga gia, haziingii zote, anaambiwa na rafiki yake "hii imekufa gia". Haijafa. Kuna hata pikipiki za Kawasaki ambazo zimewekewa vigololi vya chuma ndani ya gia makusudi, ukiwa umesimama ukiinua kutoka ya kwanza zinasimamia kwa nyutro, hazikubali kabisa kuenda ya pili mpaka pikipiki itembee.

Kitu nakuomba uache kuanzia leo ni kukanyaga kwa nguvu. Najua vile inaonekana, mtu anaona haishuki anaongeza kisigino, anapiga teke. Lakini kati ya mguu wako na ile foki kuna chuma tupu, nguvu yako inaenda moja kwa moja hadi ndani. Foki ikipinda, hapo sasa utakuwa na shida ya gearbox ya ukweli, ile ya kupasua injini, na utakuwa umeitengeneza wewe mwenyewe kwa mguu.

Ukikwama fanya hivi badala yake. Shikilia leva ya gia ikiwa imekanyagwa kidogo tu, pole, kama mtu anaegemea, halafu achilia klachi polepole mpaka karibu na pale inapoanza kushika, kisha uvute tena. Ukikanyaga, vinundu vya gia ya nne huwa vimetoka au viko karibu kutoka, kwa hivyo ule mguso mdogo wa klachi unazungusha shafti nusu ya nusu, na utasikia gia imeingia yenyewe "tak". Acha leva ya gia irudi juu kabisa kabla ya kukanyaga tena kutafuta inayofuata, kwa sababu dramu inasonga hatua moja kwa kila kukanyaga na leva isiporudi haishiki hatua nyingine. Njia ya pili ni kusukuma pikipiki kwa miguu mbele ama nyuma kidogo tu huku ukiwa umeikanyaga vivyo hivyo, tairi ikizunguka shafti ya cheni inazunguka nayo. Zote mbili zinafanya kazi, ila kwa jam ukiwa na mzigo hiyo ya klachi ndiyo rahisi. Usijaribu kutoka na gia ya tatu ama ya nne huku ukiongeza moto, yaani kuzungusha ekseleta, na kuachilia klachi nusu nusu, hasa na kastama, hapo unachoma pleti za klachi, na naogopa ndivyo umekuwa ukifanya.

Lakini dawa yenyewe ni usifike hapo. Gia zishuke tairi ikiwa bado inazunguka. Ukiona raundi ama taa kwa umbali, funga moto, shika breki taratibu, vuta klachi shuka moja, achilia, mwendo ukipungua shuka nyingine, hivyo hivyo, ili ukifika mwendo wa mtu anayetembea uwe tayari kwa ya pili ama ya kwanza. Na kama imekuwa ghafla, mtu amekukatia mbele na umeshika breki zote, vuta klachi na ushuke gia zote kwa haraka wakati ule ule wa kufunga breki, hata bila kuachilia klachi katikati, mradi tairi inazunguka zitashuka, ila usiachilie klachi baadaye mpaka mwendo ulingane na gia uliyonayo kwa sababu tairi ya nyuma inaweza kuteleza. Hii ni mazoea ya mguu. Tafuta mahali pana na hapana magari Jumapili asubuhi, fanya hiyo kusimama tena na tena mpaka mguu ushuke wenyewe bila kuuambia.

Ukisha simama, swali ni ukae kwa ya kwanza na klachi imevutwa ama uende fri. Mimi nasema kaa kwa ya kwanza mpaka uone kwa kioo gari la nyuma yako limesimama kweli, kwa sababu likikosa breki unahitaji kutoka hapo mara moja. Likishasimama, na unaona askari wa trafiki hatakuachilia hivi karibuni, weka fri upumzishe klachi. Kuivuta dakika nzima nzima kwa kila kituo cha Jogoo Road kunaipasha moto na kumaliza kebo, na hii inatuleta kwa shida yako ya pili.

Umesema fri inakataa injini ikiwa inanguruma, lakini ukizima inaingia bila shida. Hiyo sentensi moja imenisaidia kuliko zingine zote. Kama foki ingekuwa imepinda ama dramu imeharibika, kuzima injini hakungebadilisha kitu, ingekuwa ngumu hivyo hivyo. Inayobadilika ukizima injini ni nguvu inayopita kwa klachi. Kwa hivyo klachi yako, hata ukiivuta yote, haiachani kabisa na injini, inaendelea kuburuta kidogo. Ile nguvu kidogo inabana vinundu kwenye mashimo, na nyutro iko pembamba sana pale kati ya ya kwanza na ya pili, nusu hatua tu, kwa hivyo unaikosa, unaruka kutoka ya kwanza hadi ya pili na kurudi. (Kama yako ni zile za gia zote upande mmoja, nyutro iko mwanzoni kabla ya ya kwanza, lakini kubanwa ni kule kule.) Na kule kugonga kwa asubuhi na kuruka mbele ni kitu kile kile. Pikipiki ikiwa fri na klachi imeachiliwa, shafti ya klachi inazunguka na injini. Ukivuta klachi inatakiwa ipungue mwendo na karibu isimame, ndio ya kwanza iingie taratibu. Klachi ikiburuta haipungui, vinundu vinakuja kwa kasi vinagonga gia ambayo imesimama. Kugonga kidogo ni kawaida kwa pikipiki zote, zaidi asubuhi za baridi kama mwezi wa saba hapa Nairobi oili ikiwa nzito na pleti zimegandana. Kuruka mbele si kawaida.

Halafu ukaniambia leva unaivuta hadi karibu iguse mkono. Hapo nadhani tumeshika mwizi, lakini hakikisha kwanza, na kipimo chenyewe ni cha bure.

Zima injini, weka pikipiki kwa stendi ya kati, zungusha tairi ya nyuma kwa mkono mmoja huku ukipandisha na kushusha gia kwa mkono mwingine. Shika tairi yenyewe, vidole vikae mbali na cheni na sproketi, watu wamekatika vidole hapo. Kama gia zote zinaingia moja baada ya nyingine tairi ikizunguka, foki na dramu yako viko sawa, na una jibu la kumpa fundi. Kisha pasha injini moto, nenda mahali tambarare, weka ya kwanza na klachi imevutwa yote. Pikipiki ikitaka kutambaa mbele yenyewe, ama ukiona injini inalemewa kana kwamba inataka kuzima, klachi inaburuta.

Sasa angalia uhuru wa leva ya klachi, yaani ule umbali inasonga kwanza bila kuvuta kitu. Kwa pikipiki nyingi za 100 hadi 150 cc ni milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha ya leva, lakini kama una kitabu cha pikipiki yako fuata hicho. Ukiwa mkubwa zaidi ya hapo, mkono wako unamaliza safari kabla klachi haijafunguka. Legeza nati ya kufungia pale kwa hendeli, zungusha kirekebisho kitoke nje kidogo kidogo mpaka uhuru urudi kwa kipimo, kaza nati. Kikiisha nafasi, kuna kirekebisho kingine chini kwa injini, pale kebo inapofika, anza na hicho kisha umalizie juu. Usiondoe uhuru wote ati ndio klachi iwe nyepesi, hapo itateleza, injini inanguruma na pikipiki haiendi, na pleti zinaungua. Ukimaliza, acha injini ikiwa fri halafu geuza hendeli kushoto na kulia mpaka mwisho, uhuru usipotee upande wowote. Ukipotea, kebo imepita vibaya.

Angalia na kebo yenyewe. Nyuzi zikiwa zimekatika pale mwisho, ama ganda la nje limepasuka, ama inavutika kwa ugumu kana kwamba kuna mchanga ndani, badilisha, hakuna haja ya kubembeleza. Kebo ni kati ya spea za bei ya chini kabisa kwa pikipiki na ni kazi ya muda mfupi.

Oili nayo usiipuuze. Kwa pikipiki kama yako oili moja ndiyo inalainisha injini, gia na klachi, vyote vinaogelea humo. Oili iliyozeeka na kujaa uchafu inafanya pleti zishikane. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA ama MA2 kwa mkebe, hiyo alama inamaanisha imepimwa kwa klachi ya kuogelea kwa oili, na uzito uwe ule kitabu kinasema, usiongeze uzito ati gia zitulie. Oili nzito kuliko inavyotakiwa inazidisha kuburuta, hasa asubuhi. Oili za magari zingine zina dawa ya kupunguza msuguano na klachi haipendi hiyo. Kama kwa siku unafanya kama kilomita 100, kilomita 2000 zinaisha ndani ya wiki tatu tu, kwa hivyo wakati wa kubadilisha oili uhesabu kwa kilomita, usingoje oili iwe nyeusi. Na sailensa, namaanisha mwendo wa injini ikiwa imetulia, kama umewekwa juu sana ushushwe, kugonga kwa ya kwanza kutapungua.

Kama umefanya yote hayo, uhuru ni sawa, kebo ni nzima, oili ni mpya, na bado inatambaa na fri inakataa injini ikiwa moto, hapo sasa nenda kwa fundi. Lakini mwambie afungue kifuniko cha klachi peke yake. Hiyo haihitaji kupasua injini, mara nyingi hata haihitaji kuishusha. Atoe pleti aziangalie mbele yako. Zile za chuma zikiwa na rangi ya bluu zimeungua. Aziweke juu ya kioo, zikicheza zimepinda. Halafu aangalie vidole vya nyumba ya klachi, pale pleti zinateleza, kama zimechimba mitaro pleti zinakwama humo na haziachani hata ukivuta vipi. Mitaro midogo fundi mwenye mkono mzuri anaweza kulainisha kwa tupa, ikiwa mirefu badilisha nyumba yote. Kwa vile umekuwa ukitoka na gia ya tatu ukiachilia klachi nusu nusu, na hujui mwenye pikipiki wa kwanza aliitumiaje, sitashangaa kama pleti zimechoka. Seti ya pleti na gasketi ni pesa, sikatai, lakini haifiki karibu na elfu kumi na nne. Ukienda Kirinyaga Road kununua beba zile za zamani ulinganishe idadi, upana na meno, na omba uone paketi ikifunguliwa.

Kuna wakati nitakuambia huyo fundi wako ana haki. Gia ikiruka yenyewe ukiwa unaenda, umeongeza moto mara inarudi kama fri halafu inashika tena, hapo vinundu vimeisha kona. Ikikataa kubadilika hata ukiwa unaenda. Ile tesiti ya kuzungusha tairi kwa mkono ikigoma kwa gia ile ile kila wakati. Ukimwaga oili ukakuta vipande vya chuma vinavyoonekana, si ule unga laini wa kijivu ambao ni wa kawaida, namaanisha vipande. Ama leva ya gia haitaki kurudi mahali pake, ingawa hiyo kwanza angalia kama leva yenyewe imepinda baada ya kuanguka na inagusa injini, ama ile boliti yake imelegea na meno ya ndani yamesagika, vyote hivyo viko nje na vinarekebishwa kwa dakika chache. Yakiwa hayo mengine, usiendelee kubeba watu nayo, gearbox inaweza kujifunga ukiwa kwa mwendo na tairi ya nyuma ikasimama ghafla. Tafuta fundi ambaye ana mahali pa ndani pa kufanyia kazi, na mkubaliane kabla kwamba atakuonyesha foki na gia alizotoa.

Wewe kwa sasa hujaniambia hata moja kati ya hizo. Anza na leva ya klachi kesho asubuhi kabla hujatoka, injini ikiwa baridi, kisha jioni ukirudi ipime tena ikiwa moto, kwa sababu uhuru unaweza kubadilika injini ikipata joto na jioni ndio wakati inakusumbua.